Kidole gumba cha mtoto kikigoma kunyooka

Mara nyingi huanzia bafuni. Mama anamwogesha mwanawe wa miaka miwili, anampaka sabuni viganjani, anafungua vidole kimoja kimoja ili atoe uchafu wa kutwa nzima, na akifika kwenye gumba la kulia anakuta halifunguki. Kipande cha juu, kile chenye ukucha, kimeinama kama mtu aliyerukuu. Anakisukuma kidogo, mtoto hana habari, anaendelea kupiga maji. Anakisukuma zaidi, mtoto anauvuta mkono wake kwa hasira. Mama anamgeukia binti wa kazi: "Wewe, huyu mtoto alianguka leo?"

Kesi hufunguliwa hapohapo. Binti anaapa kwamba hajamwangusha, baba akirudi naye anauliza maswali yaleyale kwa sauti nzito zaidi, na jirani anakumbuka kuwa juzi alimwona mtoto akichezea mlango. Nimefanya kazi ya uuguzi katika chumba cha upasuaji cha watoto kwa miaka mingi, na katika visa vya gumba nilivyosimuliwa, aliyeumia zaidi mara nyingi hakuwa mtoto. Alikuwa yule binti aliyerudishwa kwao kwa kosa ambalo halikutendeka. Kwa hiyo nianzie hapo: kidole gumba kilichoinama kwenye kiungo cha juu, kisicho chekundu wala cha moto, ambacho mtoto anakitumia kushika kijiko na kuvuta nywele za dada yake bila kulia, karibu siku zote hakikuteguka wala hakikuvunjika. Hakuna aliyekiumiza.

Kwa Kiingereza ugonjwa huu umepewa jina la kifyatulio cha bunduki, kwa sababu kwa watu wazima kidole hukwama, halafu hufyatuka kwa kishindo kidogo. Kwa watoto mara nyingi hakifyatuki, kinakwama tu. Mimi naliita gumba lililokwama, na wazazi hunielewa mara moja.

Ukitaka kuona kilichotokea ndani, chukua bukta ya mtoto yenye kamba kiunoni. Kamba inapita ndani ya upindo na inateleza unavyotaka. Sasa funga fundo dogo katikati yake, kisha uivute. Fundo likifika mdomoni mwa upindo linagoma kuingia, na kamba nayo inasimama. Ndivyo ilivyo kwenye gumba. Kuna kano ndefu inayotoka kwenye msuli wa kigasha, inapita kiganjani na kwenda kujishika chini ya mfupa wa ncha ya gumba. Kano hiyo ndiyo inayokunja ncha. Ili isiinuke kutoka kwenye mfupa kila kidole kinapokunjwa, imepitishwa ndani ya pete ngumu za mwilini, kama mshipi unavyopitishwa kwenye pete za ufito wa kuvulia samaki. Pete ya kwanza iko kwenye shina la gumba, upande wa kiganja, palepale kwenye mkunjo wa ngozi. Kwa watoto hawa kano imefanya fundo, na fundo halipiti tena kwenye pete.

Fundo hilo unaweza kulishika. Weka ncha ya kidole chako kwenye mkunjo huo wa shina la gumba la mtoto na ubonyeze taratibu. Utakutana na kitu kigumu cha mviringo, kama punje ya choroko, na ukiikunja ncha ya gumba utakihisi kikitembea. Daktari Mfaransa Alphonse Notta aliandika habari za mafundo ya namna hii mwaka 1850, na hadi leo madaktari wa mifupa hulitaja kwa jina lake. Kwa nini fundo linaota, sayansi haijapata jibu. Kinachojulikana ni kwamba halitokani na kunyonya kidole, wala na chanjo, wala na namna mama alivyolala akiwa mjamzito.

Wengi huniambia, "Basi alizaliwa nacho, hatukuona tu." Na mimi niliamini hivyo zamani, kwa kuwa hata vitabu vilisema hivyo. Lakini mwaka 1996 huko Marekani ilichapishwa kazi ya madaktari waliokuwa wamekagua vidole vya watoto wachanga 4,719, na hawakukuta hata gumba moja lililokwama. Wajapani walipowafuatilia watoto hadi kutimiza mwaka mmoja, waliwapata wachache, kama 3 katika kila 1,000. Maana yake kidole huzaliwa kizima, fundo likaja baadaye. Mzazi huligundua kati ya mwaka wa kwanza na wa nne, mara nyingi kwa bahati tu, kwa sababu mtoto hukunja ngumi muda mwingi na kidole hakimuumi.

Kabla hujakubali kuwa tatizo ni hili, ondoa kwanza mengine matatu. La kwanza ni usaha. Kidole kikiwa chekundu, kimevimba kama soseji, kina joto na mtoto analia ukikigusa tu, usisubiri kliniki ya Jumatatu. Usaha ndani ya njia ya kano ni jambo la siku hiyohiyo. La pili ni gumba lililolala kiganjani tangu mtoto anazaliwa, likiwa limepinda kwenye shina na si kwenye ncha. Huo ni ugonjwa mwingine, tiba yake ni nyingine, na huanza mapema. La tatu ni kidole kisicho gumba. Kidole cha kati au cha pete kikikwama kwa mtoto, daktari atataka kuchunguza zaidi, maana mara nyingine kuna maradhi ya mwili mzima nyuma yake, na upasuaji wake si ule mwepesi nitakaoueleza hapa.

Gumba la kawaida lililokwama halihitaji vipimo vingi. Daktari anayelijua hulitambua kwa kulishika, na eksirei mara nyingi haiongezi kitu, labda kama kuna historia ya kweli ya kuanguka.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera. Kati ya bafuni na hospitali kuna kituo kimoja ambacho watoto wengi hupitishwa, nacho ni kwa mchuaji. Simbezi mchuaji, mimi mwenyewe nimekandwa kiuno na nikashukuru. Lakini mchuaji akiona kidole kimepinda anaona kiungo kilichoteguka, na kiungo kilichoteguka hurudishwa kwa kuvutwa. Mtoto mmoja aliletwa kwetu akiwa amevutwa mara tatu katika wiki mbili. Gumba lake lilikuwa limevimba, lina michubuko ya mafuta ya moto, na alipoona tu mkono wa mtu mzima ukimwelekea alijificha nyuma ya khanga ya mama yake. Ugonjwa wenyewe haukuwa na maumivu. Maumivu yote aliyokuwa nayo alipewa na waliotaka kumsaidia. Na hospitali nazo zina yao: nimeona watoto wamefungwa hogo wiki sita kwa ajili ya mfupa ambao haukuvunjika, hogo likafunguliwa, kidole kikiwa vilevile kilivyoingia.

Usikubali kidole hiki kivutwe kwa nguvu. Kitu kilichokwama kwa sababu ni kinene kuliko tundu lake hakipitishwi kwa kulazimishwa.

Je, lazima kipasuliwe? Hapana, na hapa ndipo ushauri wa miaka ya nyuma umebadilika. Mwaka 1974 Waingereza wawili, Dinham na Meggitt, walieleza habari za watoto 105 na kushauri kwamba wasioachiwa na ugonjwa wapasuliwe kabla ya kutimiza miaka minne, wakihofia kidole kubaki na mkunjo wa kudumu. Ushauri huo ulitawala kwa muda mrefu, na mabingwa wengi walipasua mapema. Halafu madaktari wa Seoul, Korea Kusini, wakafanya jambo ambalo mzazi wa kawaida angeliita uvivu: waliwafuatilia watoto 53 wenye magumba 71 bila kuwapa tiba yoyote. Matokeo waliyochapisha mwaka 2008 yanasema magumba 45, yaani asilimia 63, yalinyooka yenyewe. Lakini soma na muda wake: nusu ya hayo yalichukua miaka minne au zaidi kufika hapo. Si wiki wala miezi.

Kwa hiyo swali unalopaswa kujiuliza si kama kidole kinaweza kupona chenyewe, kwa sababu kinaweza. Swali ni utasubiri mpaka lini, na kwa masharti gani. Mimi nawaambia wazazi wasubiri wakiwa na kalenda. Siku uliyoligundua, piga picha mkono ukiwa umewekwa mezani, kiganja juu, na gumba likiwa limenyooshwa hadi mwisho wake bila kulazimishwa. Piga tena baada ya miezi mitatu, meza ileile, mkao uleule. Kumbukumbu ya mzazi hudanganya. Siku ya matumaini kidole kinaonekana kimenyooka, siku ya uchovu kinaonekana kimezidi. Picha nne zikipangwa kwa tarehe, daktari ataona kwa dakika moja kama safari inakwenda mbele au imesimama.

Katika kusubiri huko unaweza kufanya mazoezi mepesi. Mtoto akiwa ametoka kuoga maji ya uvuguvugu, shika shina la gumba kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili isindikize ncha kuelekea juu mpaka inapogoma, ishikilie hapo kwa kuhesabu hadi kumi, achia. Rudia mara kumi au zaidi. Kuna madaktari wa Korea na Japani walioona faida kwenye mazoezi ya namna hii yanayofanywa na mama kila siku. Kuna pia wanaotumia kigango chepesi cha kuvaa usiku. Matokeo yake hutofautiana, na mtoto wa miaka miwili ana ufundi wa kukivua kuliko wewe ulivyo na ufundi wa kukifunga. Mtoto akilia, umepitiliza. Na usikubali kuongezwa sindano ya dawa za kupunguza uvimbe, ile wanayochomwa watu wazima kwenye kidole. Kwa watoto si tiba ya kawaida ya tatizo hili.

Wakati wa upasuaji hufika pale kidole kinapokuwa kimefungika kabisa, picha za mwaka mzima zinafanana, na mtoto amefika umri wa miaka miwili hadi minne. Mabingwa wengi hawapendi kupasua kabla ya mwaka wa kwanza, kwa sababu ya fundo linaloweza kuyeyuka na kwa sababu usingizi wa dawa ni salama zaidi mtoto akishakomaa kidogo. Upande wa pili, ukichelewa hujaharibu kila kitu. Watoto waliopasuliwa baada ya miaka mitano nao hunyoosha vidole. Ila mtoto aliyekaa muda mrefu na ncha iliyoinama hujifunza kulipinda gumba kinyumenyume kwenye kiungo cha chini ili aweze kushika vitu vikubwa, na tabia hiyo ya kiungo huchukua muda kuisha. Ukiona kiungo cha chini kinabonyea kuelekea nyuma kila anaposhika kikombe, usiendelee kuahirisha.

Neno "upasuaji" likishatamkwa, wanaume hukaa kimya na bibi huanza kusali. Nadhani lugha yetu inachangia. Mtaani tunaita mshipa kila kitu chenye umbo la kamba mwilini: mshipa wa damu ni mshipa, wa fahamu ni mshipa, kano ni mshipa, hata ngiri ni mshipa. Daktari akisema kwa haraka "tunakata kidogo hapo kwenye mshipa," baba anaona mwanawe akirudi na mkono uliopooza. Kinachokatwa ni pete. Kano haikatwi, mshipa wa damu haukatwi, na fundo lenyewe haliondolewi. Rudi kwenye bukta: fundi hakati kamba wala hafungui fundo, anafumua mdomo wa upindo tu, na kamba inapita.

Siku yenyewe ina mambo ambayo mzazi anapaswa kuyajua, na kubwa kuliko yote ni njaa. Mtoto atalazwa kwa dawa, na tumbo likiwa na chakula anaweza kutapika akiwa usingizini na matapishi yakaingia mapafuni. Kanuni inayofuatwa sehemu nyingi ni saa 6 bila chakula kigumu, uji au maziwa ya ng'ombe, saa 4 bila maziwa ya mama, na saa 2 bila maji matupu. Asubuhi moja tulimwita mtoto wa tatu kwenye orodha, na kabla sijamfunga kitambulisho mkononi nikaona mdomo wake una ukoko mweupe pembeni.

"Bibi, shikamoo. Huyu mjukuu amekula?"

"Marahaba mwanangu. Kula hajala. Kalamba uji tu."

"Kalamba kiasi gani, bibi?"

Bibi aliangalia dari. "Kikombe. Mtoto alikuwa analia, na nyie hamna huruma."

Tulimrudisha nyumbani, na bibi akanichukia mpaka wiki iliyofuata. Lakini alikuwa na hoja. Hospitali nyingi husema "asile kuanzia usiku" na kunyamaza, kisha mtoto wa miaka miwili anaingizwa saa nane mchana akiwa hajagusa kitu tangu magharibi ya jana. Hiyo nayo si sawa. Uliza jioni iliyotangulia: mwanangu ni wa ngapi kwenye orodha, na maji ya mwisho anywe saa ngapi? Omba watoto wadogo watangulie. Ukiambiwa anaweza kunywa maji hadi saa kumi na mbili asubuhi, mwamshe umpe. Na mtu mmoja tu nyumbani awe na mamlaka juu ya kikombe.

Kuna mawili ya kumwambia daktari bila kuulizwa. Kama mtoto ana mafua, kikohozi au homa, sema, hata kama umesafiri kutoka mbali. Kifua chenye makohozi na dawa ya usingizi havipatani, na kuahirisha wiki chache ni kinga yake. La pili ni selimundu. Katika upasuaji huu mkono hubanwa kwa mkanda ili damu isiingie na daktari aone vizuri, na mtoto mwenye selimundu anahitaji mipango tofauti ya mkanda huo, ya maji mwilini na ya hewa. Kama hajawahi kupimwa na katika ukoo kuna historia ya maumivu ya mifupa au kuongezewa damu mara kwa mara, apimwe kwanza.

Halafu hakikisha gumba linalopasuliwa limewekwa alama kwa kalamu ukiwa unaona, na utaje kwa mdomo wako upande gani. Utaulizwa jina la mtoto na upande huo mara tatu au nne na watu tofauti. Usidhani hawajui kazi. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji mwaka 2008, na kuuliza tena na tena ndiyo kazi yenyewe.

Mtoto hulala kwa kuvuta hewa ya dawa kwenye barakoa au kwa sindano. Sehemu nyingi za kwetu bado hutumia ketamini, dawa nzuri na ya kutegemewa, ila inaogofya kwa asiyeijua. Macho ya mtoto yanaweza kubaki wazi yakichezacheza ilhali hasikii chochote, na akiamka anaweza kuweweseka, kulia au kupunga mikono hewani. Hupita. Kaa naye mahali tulivu, zungumza kwa sauti ya chini, usimwamshe kwa nguvu na usiruhusu shangazi kumi wamwinamie.

Ndani, kazi huchukua dakika kumi hadi kumi na tano. Mkono unaoshwa, unafunikwa kitambaa, kinabaki kigumba kimoja kidogo katikati ya nguo za kijani. Daktari anavaa miwani ya kukuzia. Anachana ngozi kwenye ule mkunjo wa shina la gumba, jeraha la sentimita moja au pungufu, na hapo ndipo mikono yao hupunguza mwendo. Mishipa midogo ya fahamu ya gumba iko miwili, na mmoja wao hukatiza karibu sana na ngozi, karibu kuliko unavyotarajia, mwembamba kama uzi wa kushonea. Daktari mzuri haendelei kukata. Anatanua nyama kwa ncha ya mkasi mpaka aione mishipa hiyo na kuisogeza pembeni. Chini yake inatokea pete, nyeupe, inang'aa. Anaipasua kwa urefu. Kisha anashika ncha ya gumba na kuinyoosha, na lile fundo, ambalo kwa miezi limekuwa likigonga mlango uleule, linapita mbele ya macho yetu. Nimeliona mara nyingi na bado huwa nasogea kutazama. Pete inayofuata huachwa salama, kwa sababu ikikatwa nayo, kano itainuka kutoka kwenye mfupa na kidole kitapoteza nguvu. Nyuzi mbili tatu, bandeji, basi. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Kuna wanaofanya kazi hii kwa ncha ya sindano bila kuchana ngozi. Kwa watu wazima inajulikana. Kwa kidole cha mtoto, chenye mishipa ya fahamu iliyo karibu hivyo, mimi ningempeleka mwanangu kwa anayefungua na kuona anachokata.

Bandeji hukaa wiki moja hadi siku kumi. Isilowe. Dawa ya kuizuia mikono ya mtoto ni soksi safi ndefu, ivalishwe mkononi hadi kiwikoni na kufungwa kwa plasta juu, na ibadilishwe kila ikichafuka. Parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, kama ulivyoandikiwa, kwa siku moja au mbili hutosha. Mtoto anayehitaji zaidi ya hapo arudishwe akaangaliwe. Kabla hujaondoka uliza kama nyuzi zinayeyuka zenyewe au zinatolewa, maana kumshika mtoto wa miaka mitatu atolewe nyuzi ni vita ambayo kila mtu hushindwa. Usipake dawa ya meno, majivu wala unga wa mizizi. Kidonda kikianza kunuka, kutoa usaha, ngozi ikawa nyekundu kuzunguka, mtoto akapata homa, au vidole vikageuka vya baridi na rangi ya bluu kwa sababu ya bandeji iliyokaza, rudi saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Mazoezi maalumu hayahitajiki kwa walio wengi. Kidonda kikishafunga, mpe donge la unga wa chapati alibonyeze, mpe vifuniko vya chupa avifungue. Mwanzoni anaweza kuendelea kulikunja gumba kwa mazoea. Mkumbushe kwa mchezo. Fundo litabaki likishikika kwa miezi kadhaa, kisha hunywea. Kovu hujificha ndani ya mkunjo, na baada ya mwaka mmoja hata mimi hutafuta.

Hatari zipo, na daktari asiyezitaja hajakueleza. Kidonda kuingia wadudu ni la kwanza. Kuguswa kwa mshipa wa fahamu ni la nadra lakini ni zito, na mtoto mdogo hawezi kukuambia kwamba upande wa gumba hausikii; wewe ndiye wa kuona kama anajiunguza au anajing'ata bila kushtuka. Kidole kukwama tena hutokea kwa watoto wachache sana, na mara nyingi sababu ni pete kutopasuliwa yote. Kama bandeji imefunguliwa na ncha bado haijanyooka, usiambiwe usubiri miezi sita. Rudi kwa aliyepasua.

Kuhusu mahali: hii si kazi ya kila kituo, lakini si ya kupelekwa India pia. Kwa Tanzania, mabingwa wa mifupa wapo MOI pale Muhimbili, CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Kenya, hospitali ya Kijabe imewahudumia watoto wenye matatizo ya viungo kwa miaka mingi. Beba barua ya rufaa, kadi ya kliniki na kadi ya bima. Sera ya Tanzania inawapa watoto chini ya miaka mitano msamaha wa gharama katika vituo vya umma, ila uliza mapema dirishani ni vitu gani utaambiwa ununue mwenyewe. Na muulize daktari moja kwa moja: magumba ya watoto umeshapasua mangapi, na mwanangu utampasua wewe mwenyewe au mwanafunzi wako? Swali hilo si utovu wa adabu. Anayejiamini hulijibu akitabasamu.

Leo jioni, wakati wa kuoga, mwambie mtoto akuonyeshe dole. Tazama mikono yote miwili. Kwa takriban mtoto mmoja katika kila wanne wenye tatizo hili, magumba yote mawili hukwama, na lile la pili husahaulika mpaka la kwanza limeshashonwa, kisha inabidi alazwe kwa dawa upya.